Ya Nje Mpya, ya Ndani ya Zamani

Aabo Saadia,

Salaam aleikum. Nakuita aabo, yaani baba, nawe unaniita aabo, ndivyo wazee wetu walivyotuachia, kwa hivyo mtu akiiokota barua hii njiani asichanganyikiwe: anayeandika ni baba, anayeandikiwa ni binti. Naandika kwa karatasi kwa sababu zile sauti nilizokutumia kwa simu hujazifungua. Nimeona. Karatasi angalau haina alama ya kuonyesha kama mtu amesoma au amenipuuza, kwa hivyo naweza kukaa hapa nikijidanganya vizuri.

Mama yako atakuletea barua hii hapo kwa shangazi yako Kiwanjani kesho alfajiri, kabla hujatoka kupanda basi la Mombasa kuanza kazi. Mambo ya sanduku, ya chaja, ya kutokula vitu vinavyouzwa dirishani, hayo ni yake, na ameyapanga kichwani tangu Ramadhani. Mimi nina jambo moja tu. Uliniuliza swali mbele ya watu nikakujibu kwa mzaha, na mzaha wenyewe umekataa kutoka ndani ya hii nyumba. Tunakula nao, tunalala nao. Mama yako amefika mahali pa kunipakulia chakula bila kuniangalia.

Ulisimama uani kwa Mwalimu Mutwiri, pale Wabera, na karatasi ya ofisi mkononi, ukasema, "Aabo, nikishapanda basi tu, utaiwasha hii mashine ya baridi. Niambie ukweli. Kama utaiwasha, mimi siendi."

Nami, mbele ya mkubwa wako wa ofisi, mbele ya Mama Nkirote mkewe Mwalimu, mbele ya majirani walioegemea ukuta kama watu waliolipia tiketi, nikasema, "Wewe nenda Mombasa ukapoze bahari. Hii nyumba niachie."

Walicheka. Wewe hukucheka. Ukachukua nguo zako jioni ile ukahamia kwa shangazi. Na mama yako aliponiuliza, "Mtoto umempa radhi ya safari?" nikamjibu, "Akaikague kwanza." Hiyo pia nasikia ilikufikia. Kila neno langu baya hufika Kiwanjani kabla ya bodaboda.

Sasa ngoja niende pole pole, kwa sababu hasira ikinishika naruka mambo.

Mwalimu Mutwiri wewe unamjua kama mzee mgonjwa aliyelala nyuma ya duka la mkewe. Mimi namjua na chaki mkononi na kiboko chini ya meza. Alinifundisha mpaka darasa la sita, nilipoona dunia ni kubwa kuliko dawati nikapanda lori la babu yako. Alikuja nyumbani kuniomba nirudi, si mara moja. Mmeru, Mkristo, amekaa kwa mkeka wa babu yako anakunywa maziwa ya ngamia kwa adabu huku uso wote unakataa, kwa ajili ya kijana mmoja mtundu. Sikurudi. Nilikwenda mpaka Moyale, mpaka Mombasa, mpaka Doha, nikarudi na ufundi na tumbo. Yeye alibaki hapa hapa akifundisha watoto wa wenzangu. Sasa kiharusi kimemshika upande mmoja, ulimi umekuwa mzito, na joto likizidi anahema kama mtu aliyekimbizwa. Joto la hapa hakuna wa kukueleza wewe. Umezaliwa ndani yake.

Kwa hivyo kiyoyozi chao kilipokufa sikukiona kama kazi. Niliona deni la mkeka ule.

Kilichokufa ni mashine ya nje peke yake. Ya ndani ilikuwa bado inapuliza. Nami nilijua mahali ilipo ya nje mpya kabisa, ndani ya boksi lake. Mwenzake wa ndani alikuwa ameangushwa na wabebaji huko Nanyuki akavunjika kabla hajafungwa popote, na mwenye mali alitaka tu boksi litoke machoni pake. Unajua sisi mafundi wa hapa tunavyosema: ya nje ni bwana, ananguruma juani, ya ndani ni bibi, anapuliza kivulini. Nikaona nina mjane Wabera na bwana asiye na mke Nanyuki. Bwana alikuwa wa gesi mpya, ile inayoweza kushika moto. Bibi alizoea gesi ya zamani, isiyoshika. Nikawafungia ndoa ya mkeka. Mabomba ya shaba yalikuwa yale yale, ndani ya ukuta ule ule. Baridi ikatoka. Mwalimu akafumba macho, akatabasamu kwa ule upande unaotabasamu, na mimi nikatoka pale nikitembea kama gavana.

Ndipo ukaja wewe na ofisi ya majengo, mkipita nyumba ambazo watu wamekata vyumba bila kuuliza mtu. Ulikuwa mwisho wa mafunzo yako. Mkubwa wako alinijua, akakuambia kando, nilimsikia, "Hii unaweza kuniachia." Ukasema, "Hapana, nitaipima. Wewe utatia sahihi."

Ukazunguka nyuma. Ukarudi.

"Nani alibadilisha hii ya nje?"

Swali gani hilo. Vyuma vinavyoishikilia ukutani nimevipaka rangi ya kijani ya lango letu.

"Fundi bora kaskazini yote," nikasema.

"Fundi bora ana kibali?"

"Kibali cha nini? Nimebadilisha kipande. Babu yako amebadilisha tairi la lori mara ngapi, kuna mtu alimwambia anunue lori?"

"Tairi la trekta alilifunga kwa lori?"

Pale ukutani mtu akasema, "Hapo umepatikana, Fundi." Naijua sauti yake. Sitamtengenezea friji tena.

Halafu ukaeleza, na ulieleza pole pole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Ukasema sheria ya ujenzi haiangalii kipande peke yake, inauliza kipande kimefungwa kwa nini, na ndani ya chumba gani. Ya nje na ya ndani lazima ziwe zimetengenezwa kukaa pamoja, kwa sababu gesi mpya inasukuma kwa nguvu ambayo bibi na mabomba ya zamani hawajawahi kubebeshwa. Gesi inayoshika moto haiwekwi ndani ya chumba kidogo kisicho na hewa, na hiki kilikatwa nusu kikawa stoo ya unga, na dirisha likaenda na stoo. Swichi ya kuzimia lazima iwe pale pale karibu na ya nje, fundi aione akiwa ameinama kazini. Mimi yangu ilikuwa dukani, nyuma ya magunia. Halafu ukanyoosha kidole kwa kibandiko cha ile ya ndani. Kilikuwa bado kinasema gesi ya zamani.

"Izimwe mpaka irekebishwe," ukasema. Kisha ukaniuliza lile swali.

Nitakuambia kilichoniuma, na usicheke. Sikuumia kwa sheria. Mimi huko Doha nimefanya kazi chini ya sheria ambazo hata kupiga chafya zina kipimo. Niliumia kwa jina. Hapa kwetu mtu hamwiti fundi kwa cheti, anamwita kwa jina. Anauliza, ni mtoto wa nani? Wa yule mzee wa lori, mjukuu wa yule askari. Basi mlete. Jina likishasema, hakuna anayepanda ngazi kuangalia nyuma yako, ni kama kumhesabia mtu vidole baada ya kumwamkia. Na wa kwanza kunihesabia akawa mtoto wangu, tena mbele ya ukuta umejaa watu. Nikajisemea, angeniita kando. Nimelisema hilo kwa mama yako, kwa ndugu zangu, kwa yule wa kuuza miraa ambaye hata hakuniuliza.

Jana ndipo nikaona upande wa pili. Ungeniita kando ningekushinda. Ningekutania, ningekununulia soda, ningekukumbusha nilivyokubeba begani, na ungekunja karatasi. Naona ulilijua hilo. Ulinijua kuliko nilivyotaka.

Na ni kweli mimi watu wa hapa wananisamehe sana. Unakumbuka msikiti, nilipofunga vile viyoyozi vipya na nikasahau kuuliza maji ya bomba la nyuma yatamwagikia wapi. Yalimwagikia viatu. Ijumaa nzima, viatu vya waumini wote vikaogelea, na mzee mmoja akarudi nyumbani na sandali za mtoto. Nilisimama mlangoni nikasema nimewaongezea udhu wa miguu bila malipo. Imamu akacheka, basi kila mtu akacheka, nikasogeza bomba. Hivyo ndivyo nimeishi hapa tangu nirudi. Nakosea, nachekesha, nasogeza bomba. Huko Doha nilifuata sheria kwa sababu niliogopa msimamizi. Huku nikaacha kufuata kwa sababu napendwa. Sijui ni lipi baya zaidi, lakini la pili ni tamu, na kitu kitamu unakizoea haraka.

Jana baada ya swala ya alasiri Mama Nkirote alinipigia. Hakuamkia.

"Baba Saadia, njoo uone huyu mtu."

Nikaenda. Duka lilikuwa limefungwa nusu. Chumba cha nyuma kilikuwa tanuri, Saadia, mimi niliyelala juu ya paa za Waarabu nakuambia tanuri. Mwalimu alikuwa amefunikwa kitambaa kilicholowa na kitambaa kimeshakauka. Mdomo wazi. Kifua kinapanda kinakwama, kinapanda kinakwama. Mama Nkirote alikuwa amechuchumaa karibu na kitanda anapasha uji kwa ule mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu, kwa sababu akienda jikoni hamsikii akiita.

"Iwashe," akaniambia bila kugeuka. "Mtoto anasafiri. Ofisi haitarudi wiki hii. Nani atajua?"

"Mama, ilisemwa izimwe."

"Ilisemwa na nani? Si wewe baba yake? Usiku nimemgeuza mpaka mkono umekufa. Wewe mwenyewe uliniambia viungo vyako havivuji hata shetani apulize."

Nilikuwa nimesema hivyo. Na ni kweli, nataka ulijue hili kwa haki yangu: niliyapima tena mabomba yale jana hiyo hiyo, kabla ya kugusa swichi, nikayajaza nitrojeni nikakaa mbele ya geji kama paka mbele ya tundu. Mshale haukutikisika. Nilipaka sabuni kwa kila kiungo nilichoweza kukifikia, hakuna hata povu. Mkono huu ukichomelea shaba umechomelea. Kwa hivyo nilisimama dukani nyuma ya magunia, kidole juu ya swichi, na nilikuwa na ushahidi wote ninaohitaji. Huku nyuma namsikia Mwalimu anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani. Nilisema bismillahi. Ukweli ndio huo, Saadia. Ulivyonijua ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nawasha.

Ndipo Mwalimu akaita. "Adan."

Nikarudi chumbani. Akanyoosha ule mkono mzima kuelekea rafu ya dawa, na pale chini ya chupa ilikuwa karatasi yako.

"Soma," akasema. Neno moja linamchukua pumzi mbili.

Mimi na tumbo hili, na ndevu hizi, nikasimama mwisho wa kitanda nikasoma. Nikasoma ya nje na ya ndani. Nikasoma mabomba. Nikasoma swichi na kibandiko. Nikakunja.

"Umeruka," akasema.

Mkewe alikuwa ameshamsomea yote, kumbe. Nikafungua tena. Niliruka mstari wa chumba: kwamba chumba ni kidogo, hakina dirisha, na ndani yake kuna moto wa kupikia. Sikuruka kwa kutoona. Hayo mengine yote nilikuwa na jibu lake, na huo peke yake sikuwa na jibu. Nikausoma kwa sauti, na nikiwa nausoma nilikuwa nauangalia. Ule moto wa bluu chini ya sufuria ya uji, umetulia, karibu na shuka lake.

Mama Nkirote akaangalia nilipoangalia. Akazima jiko. Halafu baada ya muda akaliwasha tena, kwa sababu uji ulikuwa haujapata moto na mgonjwa lazima anywe dawa ameshiba. Hapo ndipo nilipoelewa karatasi yako. Leo atazima kwa sababu nipo. Kesho ana mgonjwa na ana uji.

Hadithi ya Mbarak umeisikia tangu utoto, yule kijana wa Lamu tuliyekuwa naye Doha. Umeisikia mpaka ukawa unanimalizia. Juu ya paa, mashine imeharibika, Mbarak anaangalia kibandiko, kibandiko kinasema gesi ya zamani, isiyo na neno. Anakata bomba, anasogeza moto wa kuchomelea. Na ndani haikuwa ile ya kwenye kibandiko. Kuna mtu alikuwa ameijaza ile nyingine, ndugu wa gesi ya kupikia. Moto ukamrukia mikono yote miwili. Mwisho wake unaujua: mimi navua shati, namfunika, namshusha ngazi zote mgongoni mpaka chini, msimamizi analia, mimi silii.

Ni kweli nilimbeba. Lakini miaka hii yote nimekuwa nikikusimulia habari za shati langu. Wa kusimuliwa ni yule mtu aliyetangulia juu ya paa lile, akabadilisha gesi, akaacha kibandiko kama kilivyokuwa. Hatukumjua kamwe. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nafikiri alikuwa na mkono mzuri, kwa sababu viungo vyake havikuvuja hata kidogo mpaka tulipovikata. Nafikiri kwao walimwita fundi bora, na alikuwa mchekeshaji, na labda alikuwa na binti.

Nilisimama pale kwa Mwalimu nikahesabu nani atakuja baada yangu. Siku moja sitakuwa hapa. Kiyoyozi kile kitaharibika, kijana fulani ataitwa, atasoma kibandiko cha ndani, atawasha moto wake. Hatauliza mimi ni mtoto wa nani.

Basi sikuiwasha. Lakini mgonjwa alikuwa bado anahema, na sheria yako, aabo, ilikuwa sahihi na haikuwa na baridi. Hilo ndilo nakuomba ulibebe huko unakokwenda, zaidi ya nguo. Utamwambia mtu zima, na utakuwa na haki, na utaondoka na gari la ofisi, na yeye atabaki ndani ya joto na mama mgonjwa. Ukimwambia azime, kaa kidogo. Uliza leo atalala wapi. Mimi sikuwahi kukaguliwa na mtu aliyeuliza hivyo. Na utakutana na watu kama mimi, Mombasa wamejaa, mafundi wenye matumbo na hadithi, watakuita binti yangu kabla hujafungua kalamu. Mtu akikuchekesha wakati unapima, cheka, hakuna ubaya. Lakini usiache kupima.

Nilitoka nje nikapanda ngazi. Mama Nkirote akanifuata akidhani naenda kuiwasha kutoka nyuma. Alipoona naitoa gesi ya mashine na kuirudisha ndani ya mtungi wangu wa kazi, akaanza kuniita majina ya Kimeru ambayo sikuyajua na nimeyaelewa yote.

"Unanitolea hata hii?"

"Naitoa. Na mgonjwa pia namtoa."

"Umpeleke wapi?"

"Kwangu."

Akaniangalia kama nimelewa, mimi ambaye dunia nzima nimeizunguka bila hata tone. "Wewe na bibi yako mtamgeuza usiku?"

"Bibi yangu amenigeuza mimi miaka yote hii. Mwalimu ni mwepesi."

Tulimtoa leo asubuhi, mapema, kabla jua halijakasirika. Wale wa ukutani ndio waliobeba, hata yule wa friji, kwa hivyo nimemsamehe. Tuktuk haikutosha godoro, miguu ya Mwalimu ikatoka nje, na njia nzima watu wa Wabera wanasimama wanamwamkia, Waislamu kwa salaam, Wakristo kwa habari, na yeye anainua ule mkono mmoja kama rais. Mama yako alikuwa mlangoni. Nikangoja matusi. Akasema tu, "Umeniletea mgeni na sukari imeisha," akaenda kubadilisha shuka za kitanda chako.

Chumba chako, Saadia. Ndicho chenye dirisha, na ndicho chenye kiyoyozi kilichokuja bwana na bibi ndani ya boksi moja, gesi moja, kibandiko kimoja, na swichi iko nje pale pale mtu anapoinama. Nilikufungia hivyo ulipokuwa unasomea mitihani. Kwa watu nilifanya kwa jina, kwako nilifanya kama niko Doha. Sikujua kwamba nilikuwa najua tofauti. Nilijua.

Mama Nkirote amefunga duka mchana, amekuja, amekaa naye, amekwenda. Tumekubaliana, yeye kwa kununa na mimi kwa kununa. Ukuta wa stoo utavunjwa, dirisha lirudi chumbani. Ule mtungi wa kupikia utatoka. Na sitafunga kitu pale mpaka nipate ya ndani na ya nje zilizozaliwa pamoja, za gesi ambayo chumba hicho kinaruhusu, na mabomba mapya. Kibali nitakiomba mimi mwenyewe. Nilipitia ofisini kwenu leo. Mkubwa wako alinipa kiti. Nikamwambia nataka mkaguzi, tena awe mtu asiyenijua. Akasema Isiolo hii hatampata. Nikamwambia basi atafute asiyenicheka.

Sasa hivi ni magharibi imepita kidogo. Naandika kwa meza yako, na Mwalimu amelala nyuma yangu. Anapumua sawa. Kabla hajalala aliniuliza kwa yale maneno yake ya mojamoja kama hii ya hapa nayo imekaguliwa. Nikamwambia hii imelaliwa na mkaguzi. Akafikiri. Akasema, "Hiyo si kukagua." Nimeongeza na hii nyumba kwenye ombi.

Kesho sitakuwa hapo basi likiondoka. Mama yako atakuja, na mmoja lazima abaki na mgonjwa, na wa kubaki ni mimi kwa sababu ndimi niliyemleta. Kwa hivyo nisikie hapa. Yale ya kukaguliwa kwanza niliyosema kuhusu radhi, yafute. Radhi yangu unayo, yote, nimekupa tangu jana nikiwa nimesimama nyuma ya magunia na kidole hewani, hata kabla sijajua kama nitakirudisha. Ulisimama pale ambapo mimi nimekuwa nikichekesha watu ili wasisimame. Ningekuwa mtu mwingine ningekuogopa. Kwa vile ni baba yako, najisifu tu, na kuanzia kesho hapa mjini hakuna atakayepumua kwa jinsi nitakavyokusifu.

Uliniambia niseme ukweli, na ukweli ni kwamba ningeiwasha. Sasa ile ya nje iko chini, uani kwetu, ndani ya boksi lake, na pale ukutani kwa Mwalimu kumebaki vyuma vya kijani na matundu mawili ya mabomba niliyoyaziba kwa simenti. Panda basi, aabo. Ukifika pale Isiolo inapoisha usigeuke kuangalia nyuma kwa wasiwasi. Huku hakuna cha kuwasha.

Aabo wako,
Adan